Kalenda ya ukutani ya Boris Vallejo na Julie Bell: nimekaa nayo mwaka mzima bandani, haya ndo maoni yangu

Habari zenu wadau wa rangi. Kuna watu wananiuliza sana kama inalipa kuagiza ile kalenda ya wachoraji mke na mume wa Marekani, Boris Vallejo na Julie Bell, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike mara moja yaishe. Mimi ninayo, nimekaa nayo kuanzia Januari mpaka Desemba, ilikuwa inaning'inia bandani kwetu Tandika inakula vumbi na harufu ya thina pamoja na sisi, kwahiyo naongelea kitu nilichokishika kwa mikono.

Kwanza mjue naangalia kwa jicho gani. Mimi nachora mabango, kuta za saluni, bajaji, na miaka hii ya karibuni zaidi majimu, hizi jimu za mtaani, kila mwenye jimu anataka mtu mwenye misuli ukutani tena mkubwa kuanzia chini mpaka darini. Mke wangu alikuwa mpakaji wa hina na piko za maharusi, Temeke wanamjua, tulipooana akawa ananisaidia kujazia rangi tu, baadae nikaja kuona mkono wake kwenye mistari myembamba unanizidi kwa mbali sana, sasa hivi kazi tunafanya wote na hela tunahesabu wote. Ndo maana niliposikia kuna familia nzima huko Pennsylvania inakula kwa kuchora mazimwi, majini na mashujaa, nilitaka kuiona kazi yao kwenye karatasi, maana kwenye simu ukipunguza mwanga tu rangi nayo imebadilika.

Kwa wasiowajua hawa watu. Boris kazaliwa Lima kule Peru mwaka 1941, sanaa kasomea hukohuko kwao, fidla pia kajifunza, na kazi ya kuchora ya kulipwa kaanza ana miaka 16. Mwaka 1964 akahamia Marekani, akapambana na kazi za matangazo ya biashara, halafu ndo akaingia kwenye majalada ya vitabu na magazeti ya hadithi, Conan yule jitu la upanga, Tarzani, na mengine mengi tu, miaka ya 70 na 80 ukiona jalada lina mtu kajazia misuli anapigana na joka kuna uwezekano mkubwa ni yeye au mtu anayemuiga yeye. Julie kazaliwa Texas mwaka 1958, na huyu mama alikuwa mjenga mwili wa mashindano, ananyanyua vyuma kwelikweli. Wakakutana yeye akiwa modo, yaani anakaa posi Boris achore, kumbe na yeye mwenyewe brashi ipo damuni, akakaza, akawa mwanamke wa kwanza kumchora Conan kwa kampuni ya Marvel. Wakaoana 1994. Mzee kamzidi miaka 17. Makazi yao Allentown, hukohuko Pennsylvania.

Na haiishii hapo. Julie alikuja na watoto wake wawili wa kiume, Anthony na David Palumbo, wote wawili leo ni wachoraji na wote wamechora kadi za ule mchezo wa Magic: The Gathering ambao vijana wa kule wanacheza kama huku tunavyocheza last card, ila zile kila kadi ina mchoro wake. Boris naye ana kijana wake Dorian, mchoraji, kaanza na majalada ya vitabu kama baba halafu akahamia kwenye picha za sura za watu. Hebu fikiria nyumba ambayo baba, mama na vijana wao wa kiume ukiwauliza unafanya kazi gani jibu ni moja. Kwetu sisi mtoto akisema anataka kuchora mzee anauliza utakula nini. Mimi baba yangu aliniuliza hivyohivyo na sikuwa na jibu, kwahiyo hii habari ya hawa watu ilinigusa kabla hata sijafungua bahasha.

Haya tuje kwenye kalenda yenyewe. Ni mraba, kama futi moja kwa futi moja ikiwa imefungwa, ukiifungua inaning'inia juu picha chini tarehe. Miezi 12, kila mwezi na picha yake. Karatasi inang'aa na ni nzito kiasi, haionyeshi upande wa pili hata ukiiweka mbele ya dirisha. Printi ni safi, na hapa ndo nilipokuwa na wasiwasi, maana picha za hawa watu zinaishi kwenye giza, kuna pembe za picha ambazo ni kahawia inaingia kwenye zambarau inaingia kwenye nyeusi, printi mbovu ingeua yote hiyo ikawa doa moja jeusi. Nimesogeza taa ya simu nikaangalia karibu kabisa, hatua zote za giza zipo. Hilo tu kwangu lilirudisha nusu ya hela.

Hela yenyewe: bei ya kule ni kama dola 16, lakini mpaka imenifikia mkononi nimetoa kama elfu 90, maana usafiri umezidi bei ya mzigo. Tena ya kwanza ilikuja imekunjwa katikati, aliyesafirisha kaiweka kwenye mfuko laini bila kadibodi, mstari umepita katikati ya uso wa picha ya Machi, nililalamika sikujibiwa nikanyamaza. Kwahiyo ukiagiza kupitia hawa ndugu zetu wanaoleta mizigo sema mapema kabisa iwekwe kati ya kadibodi mbili na iandikwe isikunjwe. Usione aibu kumsumbua mtu, ni hela yako.

Kwa matumizi ya kawaida ya kalenda, yaani kuangalia tarehe, sawa ipo vizuri, viboksi vina nafasi ya kuandika, mke wangu anaandika humo siku za kichen pati na harusi anazoitwa kupaka hina mpaka Juni na Desemba hakuna kiboksi kitupu. Ila sikukuu ni za kwao, Julai utaona tarehe nne, Novemba kuna ile siku yao ya bata mzinga, Sabasaba hamna, Nanenane hamna, siku ya Nyerere hamna, hizo tuliandika wenyewe kwa kalamu nyekundu. Kama unataka kalenda ya kujua Idi na Pasaka basi chukua ya bure ya benki.

Sasa mimi niliinunua kusoma, na hapo ndo nataka nikae kidogo.

Kitu cha kwanza ni chuma. Julie anasifika kwa kuchora miili iliyogeuka chuma, mtu au mnyama ngozi yake inang'aa kama bampa jipya. Nilikuwa nachora vyuma vya jimu, zile dambeli, kwa kijivu na nyeupe, kijivu na nyeupe, miaka yote hiyo, na zinaonekana kama mawe. Nikakaa na picha moja ya kwenye kalenda kama wiki nzima wakati wa chai, nikaanza kuona kwamba kwenye chuma chake hamna kijivu karibu kabisa. Juu ni bluu ya anga, chini ni kahawia na rangi ya machungwa ya ardhi, na katikati zinapokutana kuna mkanda mweusi, ghafla, hauchanganywi, unakatwa kama kwa wembe, halafu pembeni ya ule weusi kuna nyeupe kali. Chuma hakina rangi yake, kinaazima za jirani. Na mwili ukijikunja ule mkanda nao unajikunja, ndo jicho linapojua hapa ni bega hapa ni paja. Nilivyolielewa hilo nikaenda kuchora dambeli kwenye jimu moja Mbagala, mwenye jimu akaja kugusa ukuta. Aligusa kwa kidole, wallahi.

Cha pili ni kivuli cha ngozi. Boris hachori kivuli kwa nyeusi. Angalia upande wa giza wa mgongo au paja, utakuta pembeni kabisa kuna mstari wa mwanga mwingine, wa bluu au kijani au mwekundu, kama kuna taa ya pili imejificha nyuma, na huo ndo unamtoa mtu kwenye karatasi anakuja mbele. Hapo kuna jambo la kuwaambia wenzangu, msikopi rangi zenyewe, kopini mpango. Watu wengi kwenye picha hizi ni ngozi nyeupe, kivuli chake kinaenda kwenye waridi na zambarau, ukichukua hivyohivyo ukaweka kwenye mtu wetu anatokea kama mgonjwa. Ngozi yetu inafanya kinyume, utajiri upo kwenye mwanga, ile sehemu inayong'aa ya bega inaingia bluu ya anga kabisa, na kwenye kivuli kuna wekundu wa udongo. Nilichofanya nimemkalisha shemeji yangu kwenye jua saa kumi jioni nikampiga picha, nikafuata taa zilivyopangwa na Boris lakini rangi nikatoa kwa shemeji. Na ndo wanavyofanya wenyewe, wanapiga picha watu halisi kwanza, hata mzee enzi zake mwili anaouchora ulikuwa mara nyingine ni wa kwake, halafu zimwi ndo linatoka kichwani.

Cha tatu, na hiki wa kwanza kukiona ni mke wangu sio mimi. Alikuwa anatazama picha ya mwanamke kakaa na chui mkubwa, akasema baba Nasra, huyu aliyechora anajua huu msuli unavuta wapi. Nikamwambia wote wanajua. Akasema hapana, angalia mkono ulioshika, kidole kinakaza mpaka kwenye kiwiko. Nikaangalia, kweli. Mtu ambaye kanyanyua chuma mwenyewe, kakaa jukwaani kuonyesha mwili, anauchora msuli akiwa anaujua kwa ndani, sisi wengine tunachora mabonde na vilima tu. Tangu siku hiyo kabla sijachora mtu anayenyanyua, nanyanyua ndoo ya rangi ya lita 20 nasikiliza mwili unauma wapi.

Tatizo la kiufundi lipo na mjue mapema. Wale wanatumia rangi za mafuta za tyubu, zinachelewa kukauka, mtu anaweza kuchanganya shavu siku nzima mpaka linakuwa laini kama yai. Sisi ukutani tunatumia rangi ya maji, kwa joto la Dar dakika kumi imeshika, ukirudi na brashi unachubua. Ule ulaini hutaupata kwa njia yao. Mimi natembeza tabaka nyembamba nyingi, na sehemu za mashavu na matumbo natumia eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi, inakaribia, ila haifiki. Kwenye bango la bati na rangi ya mafuta ya dukani unapata nafasi kidogo zaidi. Mtu akiagiza kalenda akitegemea kesho atachora hivi atasononeka.

Sasa kwenye hili la mke na mume. Hawa wawili wana picha za kila mtu kivyake na wana picha wanazochora wote kwenye turubai moja, wanaweka saini zote mbili. Nilitafuta kwa muda mrefu kwenye zile za pamoja nione mkono wa nani umeishia wapi na sikuona. Nilisumbuka sana na hilo, kwasababu kwetu pale bandani miaka mitatu ya mwanzo mteja alikuwa akija anaona jina langu tu kwenye kona ya ukuta. Mke wangu hakuwahi kusema kitu. Kachora macho yote, kachora nywele zote za saluni zote tulizofanya, nywele zile za kusuka mstari mmoja mmoja, na kona imeandikwa jina la mume. Kalenda imening'inia Januari, Februari, majina mawili kila siku yananitazama, na mimi naona haya. Mwezi wa tatu tulikuwa na kazi ya saluni moja Yombo, nikamaliza nikampa brashi nikamwambia andika na lako. Akaniuliza mteja si atashangaa. Nikamwambia ashangae. Aliandika dogo sana chini ya langu, kazi iliyofuata akaandika saizi moja na mimi.

Na tukaanza kuambiana ukweli. Hapo zamani nilikuwa sipendi kukosolewa mbele ya vijana wa kazi, sasa akisema huo mguu mfupi nafuta. Na mimi nikimwambia hilo jicho linatazama pengine, analipima upya bila kununa. Kuna siku tuligombana kabisa juu ya bawa la farasi, tukarudi nyumbani kwenye daladala moja siti tofauti, usiku akachora bawa nyuma ya daftari la mtoto akaliacha mezani, na lilikuwa sahihi. Sijui Allentown wanagombanaje, lakini watu wawili hawawezi kushika turubai moja tangu miaka ya 90 bila siku ya bawa la farasi.

Kuna mwenzangu aliwahi kuniambia hizi ni picha za wazungu, sisi hatuna mambo ya fantasia. Nilimkatalia na namkatalia tena hapa. Tingatinga ilianza kwa mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta maisha, kafariki 1972, na waliobeba kazi yake ni ndugu na jamaa zake aliokuwa anawafundisha, mpaka leo pale Morogoro Stores Oysterbay utakuta mtu anachora kwasababu mjomba wake alichora. Na zile picha za mashetani, yenye jicho moja, yenye miguu ya kuku, zile ni nini? Wao walitumia ubao laini na rangi ya baiskeli, Boris ana tyubu zake, lakini habari ya nyumba moja kurithishana brashi na viumbe ambao hakuna aliyewaona tunayo. Tofauti tu wenzetu kazi zao zinaprintiwa kila mwaka zinauzwa dunia nzima kwa dola 16 na jina la familia juu. Kalenda kwenye hii kazi sio kitu kidogo, hata wale mapacha wa Detroit, Greg na Tim Hildebrandt, jina lao lilivuma kwa kalenda za hadithi za Tolkien, yule mwandishi wa Lord of the Rings, za 1976, 77 na 78. Hilo natamani mtu wa mjini hapa alichukue, kalenda ya mashetani ya Tingatinga, printi nzuri, majina ya wachoraji yaandikwe, nitakuwa wa kwanza kununua.

Jambo ambalo lazima niseme kwa uwazi: uchi upo. Wanawake wengi kwenye hizi picha wamevaa kidogo sana na wanaume hivyohivyo. Mimi naziheshimu kama kazi, mwili umechorwa kwa heshima na hao wanawake wana nguvu, wameshika mikuki, wamepanda majoka, hawajalala kusubiri mtu. Lakini ninaishi na mama mkwe na nina binti wa miaka tisa, sebuleni haikai. Tulijaribu wiki moja, mama hakusema neno, alihamisha tu kiti chake kikatazama upande wa pili. Tukaitoa siku hiyohiyo tukaipeleka bandani, na huko nako mwezi wenye picha ya wazi zaidi tukiona watoto wa madrasa wanapita tunaweka kitambaa. Nasra tunamwonyesha zile za wanyama, Julie ana mbwa mwitu na farasi na chui wazuri mno, siku hizi kazi zake nyingi za kivyake ni za wanyama. Mtoto karudia mbwa mwitu mara sita kwa penseli. Masikio kayapatia.

Nani anunue: mchoraji wa ukutani, wa magari, wa tatuu, kijana anayesoma sanaa na hana hela ya vitabu vya wachoraji maana kitabu ni ghali mara mbili tatu. Kwa mchoraji napima nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwasababu picha za pamoja na za mmoja mmoja ningependa zichanganywe zaidi, na ningetamani hata picha moja ndogo ya hatua za mwanzo, mchoro wa penseli kabla ya rangi, hamna. Kwa mtu wa kawaida anayetaka urembo wa nyumbani nyota tatu, na aulize kwanza nyumbani anakaa na nani.

Ushauri wa mwisho wa kiufundi, mwaka ukiisha msiitupe. Kata kila picha kwa wembe na rula ya chuma, weka kwenye mifuko ya plastiki ya faili, andika nyuma ulichojifunza. Yangu ipo kwenye faili la bluu, za chuma mbele, za ngozi katikati, za wanyama kachukua Nasra. Ya mwaka unaokuja tumeshaagiza mbili, moja ya kukata na moja ya mke wangu ya kuandikia maharusi, na safari hii kadibodi nimelipia mwenyewe.